Jiwe Sitozi

Mafuru, ahadi yako ina umri wa mwanetu wa pili:
"Siku moja nitakulaza hotelini Mwanza,
shuka nyeupe, kisabuni kipya ndani ya karatasi yake,
chai iletwe na mtu mwingine."
Nilikuwa namenya muhogo. Nikaguna tu.

Leo tumeshuka melini, tumetoka Nansio.
Machungwa yameisha Mwaloni kabla ya saa nane,
laki na ishirini imefungwa kwenye pindo la kanga,
nawe umevaa viatu vya harusi ya kaka yako.

Tukaanzia ufukweni, kwenye vioo.
Mlinzi alitutazama miguuni kwanza, usoni baadaye.
Ndani baridi ya kutengenezwa,
na visamaki vimefungiwa kwenye sanduku la kioo,
ziwa lote lile lipo hapo nje!
Binti wa mapokezi akasema taratibu:
"Laki mbili na themanini, na kifungua kinywa."
Ukauliza: "Kwa mwezi?"
Yeye hakucheka.
Mimi nilicheka mpaka nje ya geti.

Kirumba, elfu arobaini. Chumba safi,
ila chini yake baa, na spika refu kama kabati
linatikisa maji kwenye ndoo.
Pasiansi, chandarua kilikuwa na madirisha
mengi kuliko chumba chenyewe.
Mabatini, elfu nane, mlango hauna komeo,
kijana anatafuna muwa, anauliza:
"Cha saa moja au cha kulala?"
Ukafoka: "Huyu ni mke wangu wa ndoa!"
"Shikamoo mama," akaniambia. "Bei ni ileile."

Hapo ndipo ulipoacha kuongea.
Nilikuona midomo inahesabu bila sauti,
nikajua huhesabu tena hela,
unajihesabu mwenyewe, na unajikuta hutoshi.
Nikataka kusema turudi, tukalale kwa shangazi Igoma,
kwenye mkeka, na wajukuu wake saba.
Sikusema. Viatu vile vilikuwa vinakubana
na bado ulikuwa unatembea mbele.

Mshona viatu wa njia panda ndiye aliyetuokoa.
Alikuonea huruma kuanzia chini:
"Kama mnaweza kupanda, nendeni Bugarika,
ulizeni kwa Nyanzobe."

Tukapanda. Ngazi si ngazi, ni mawe yaliyokubali kukanyagwa.
Nyumba zimejibanza katikati ya majabali
kama mbegu kwenye meno.
Nyanzobe alikuwa anapepeta mchele; hakuinuka.
"Kimebaki kimoja. Kuta tatu za tofali,
ya nne aliijenga Mungu, fundi sikumlipa."
Kweli: upande wa kitandani, jabali zima,
la kijivu, limeingia ndani bila kubisha hodi.
"Elfu kumi na nane, chai na viazi asubuhi.
Jiwe sitozi."

Shuka za bluu, zina kiraka, zinanuka jua.
Sabuni ni nusu mche, imekatwa kwa uzi.
Ukanitazama kama mtoto aliyevunja chungu:
"Si ile niliyokuahidi."
Nikakuvua viatu.

Usiku jiwe lilitoa joto lililolikusanya mchana,
polepole, mgongoni mwangu, bila kudai kitu.
Nikachungulia dirishani. Taa za wavua dagaa
zilikuwa mbali kabisa, nyuma ya visiwa,
na ile hoteli ya vioo, kutoka huku juu,
niliifunika kwa kidole gumba.
Nikaifunua. Nikaifunika tena.
Wewe ulikuwa unakoroma kwa bei nafuu.

Alfajiri mlango ukagongwa.
Birika, vikombe viwili, viazi vinafuka moshi,
vimeletwa na mtu mwingine.
Nikakaa kitandani, Mafuru,
mwanamke wa miaka arobaini na sita,
sijui mikono niiweke wapi.